mclapply, parLapply au future: njia ipi ya kuiamsha R itumie viini vyote

Fungua kidirisha kinachoonyesha matumizi ya prosesa wakati R, lugha ya programu ya takwimu, inahangaika na butstrapu (kuchota sampuli upya kutoka data ile ile) ya marudio 10,000. Kiini kimoja kimejaa hadi juu, vingine saba vinaelea karibu na sifuri kama wageni ambao hawajaonyeshwa kazi. Feni inavuma, wewe unasubiri, na sehemu kubwa ya mashine haijaguswa. Hapo hakuna kilichoharibika. Msimbo wa kawaida wa R huenda mstari baada ya mstari kwenye kiini kimoja, na utaendelea hivyo hivyo hata ukihamia kwenye mashine yenye viini 64, mpaka wewe mwenyewe uagize vinginevyo.

Namna ya kuagiza ndiyo inayowachanganya watu. Ukiuliza, mmoja atakwambia `mclapply`, mwingine `parLapply`, wa tatu atakutajia `foreach`, wa nne ataapa kwa `future`, na wa tano atasema hayo yote ni kujitesa, badilisha BLAS tu, ile maktaba ya hesabu za matriki. Wote wana haki kwa kazi zao. Hapa naziweka njia hizo pamoja na kusema ni ipi nachukua lini, na kwa nini. Nakuonya mapema: sichagui kwa kuhesabu viini. Nachagua kwa kuangalia mzigo, yaani ni data kiasi gani lazima isafiri kutoka kwa R mama kwenda kwa wasaidizi, na matokeo kiasi gani lazima yarudi.

Kwanza, je, kazi yenyewe inagawika?

Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilisema jambo hili mwaka 1967 na hakuna prosesa iliyomshinda tangu hapo: sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka kikomo. Chukua programu ambayo asilimia 90 ya muda wake inagawika na asilimia 10 haigawiki, kwa mfano kusoma faili na kuunganisha matokeo. Kwa viini 8 utaongeza kasi mara 4.7 hivi, si mara 8. Kwa viini 16, mara 6.4. Ukipewa viini visivyo na idadi, hutavuka mara 10. Na hesabu hiyo bado haijaingiza gharama ya kusafirisha data, ambayo katika R ndiyo inayouma zaidi.

Kwa hiyo kabla ya yote washa `Rprof()` uone muda unaliwa wapi. Mara nyingi mno mwizi ni kitanzi kinachorefusha vekta kwa `c(x, kipya)` kila mzunguko, au `rbind` ndani ya `for`. Kazi ya aina hiyo ukiigawa kwa viini 8 umepata uzembe ule ule mara nane kwa wakati mmoja. Andika upya kwa vekta nzima, pima tena, halafu ndipo uendelee kusoma.

Kazi za kitakwimu zinazogawika vizuri zinafahamika: butstrapu, uigaji, uthibitishaji mtambuka, kukadiria modeli moja kwa kila kundi, kujaribu thamani mbalimbali za vigezo. Kila rudio linajitegemea, halihitaji kujua jirani yake amefikia wapi. Mnyororo mmoja wa Markov haugawiki hivyo, kwa sababu kila hatua inasubiri iliyotangulia. Unachoweza ni kuendesha minyororo minne bega kwa bega.

Kujigawa au kuajiri vibarua

Kifurushi cha `parallel` kinakuja na R yenyewe tangu toleo 2.14.0 la mwaka 2011. Kilizaliwa kwa kuunganisha vifurushi viwili vya awali, `multicore` na `snow`, na hadi leo unaona ukoo wa kila upande: fanksheni zenye herufi `mc` ni za upande wa kwanza, zenye `par` na `cluster` ni za upande wa pili. Pande hizi mbili zinafanya kazi kwa fikra tofauti kabisa, na ukiielewa tofauti hiyo, mengine yote ni mapambo.

Tuchukue mfano mmoja. Jedwali `d` lina safu ya `muda`, nasi tunataka mgawanyo wa wastani wa kati (`median`) kwa butstrapu:

```r
moja <- function(i, v) median(sample(v, replace = TRUE))
```

Kwa `mclapply` ni mstari mmoja:

```r
m <- mclapply(1:10000, moja, v = d$muda, mc.cores = 4)
```

Hapa R inajigawa. Mfumo endeshi unatoa watoto wanne wanaofanana na mzazi kwa kila kitu: vifurushi vilivyofunguliwa, data iliyo kwenye kumbukumbu, fanksheni ulizoandika. Hakuna anayenakili chochote mwanzoni. Watoto wanasoma kumbukumbu ile ile ya mzazi, na ukurasa wa kumbukumbu unanakiliwa pale tu mmoja wao anapotaka kuuandikia. Jedwali la GB 4 linabaki moja hata likiwa na wasomaji wanne. Ndiyo maana njia hii huanza kazi kufumba na kufumbua, na ndiyo maana wanaotumia Linux wakishaizoea hawataki kusikia nyingine.

Kwa `parLapply` mambo ni haya:

```r
cl <- makeCluster(4)
clusterSetRNGStream(cl, 2024)
m <- parLapply(cl, 1:10000, moja, v = d$muda)
stopCluster(cl)
```

Hapa unaajiri vibarua wanne. Kila mmoja ni R mpya kabisa iliyoamka sasa hivi, kichwa kitupu, hajui `d` ni nini, hajafungua kifurushi chako chochote. Nyapara, yaani R uliyonayo mbele yako, anazungumza nao kwa soketi, yaani njia ya mawasiliano kati ya michakato. Kila wanachohitaji lazima kifungwe, kitumwe na kifunguliwe upande wa pili. Vifurushi unaviwasha kwao kwa `clusterEvalQ`, vitu unavipeleka kwa `clusterExport`, na nyapara anapeleka kwa kibarua mmoja mmoja. Data ya GB 2 kwa vibarua 8 ni GB 16 zilizosafiri, pamoja na GB 2 zilizobaki nyumbani. Mashine yenye RAM ya GB 16 hapo inaanza kuhemea diski.

Kwa maelezo hayo mtu angesema `mclapply` imeshinda, mchezo umekwisha. Haujaisha.

Kwanza, Windows haina kujigawa kwa namna hiyo. `mclapply` ipo pale, lakini ukiweka `mc.cores` zaidi ya 1 inakataa na kutoa kosa. Mwenzako akiwa na Windows, msimbo wako kwake ni pambo. Pili, kujigawa ndani ya programu yenye madirisha au yenye nyuzi nyingi zinazoendelea (mikondo ya kazi ndani ya programu moja) ni hatari: mtoto anarithi kumbukumbu yote lakini hairithi ile nyuzi iliyokuwa imeshika kufuli, na anaweza kuganda milele akisubiri kufuli lisilofunguliwa na mtu. Ndiyo maana ndani ya RStudio, programu ya kuandikia R, `future` inakataa kujigawa na kurudi kwenye mwendo wa kiini kimoja. Wenzetu wa Python wamepita njia hiyo hiyo. Kwenye macOS walihama kutoka kujigawa hadi kuanzisha mchakato mpya tangu toleo 3.8, na toleo 3.14 limeacha kujigawa kuwa chaguo la kawaida hata kwenye Linux.

Tatu, na hili wengi hawalijui mpaka limewapata, kumbukumbu ya pamoja haibaki ya pamoja kwa kila aina ya data. Mfagiaji wa kumbukumbu wa R, anayeondoa vitu visivyotumika tena, anapopita huweka alama kwenye kichwa cha kila kitu anachokikuta. Kuweka alama ni kuandika, na kuandika kunalazimisha nakala. Vekta moja ya namba milioni 100 ina kichwa kimoja, kwa hiyo ukurasa mmoja tu ndio unaonakiliwa na kilichobaki kinaendelea kuwa cha wote. Lakini orodha yenye vipande vidogo milioni 5 ina vichwa milioni 5 vilivyotapakaa kila mahali. Mfagiaji akipita mara moja ndani ya kila mtoto, karibu orodha nzima imenakiliwa mara nne. Ukiona RAM inapanda taratibu huku `mclapply` ikiendelea na huelewi kwa nini, tazama huko.

Nne, tabia yake wakati wa msiba. Mtoto akikosea, `mclapply` haisimami. Inaendelea hadi mwisho, inatoa onyo, na mahali pa jibu inakuwekea kitu cha daraja la `try-error`. Mtoto akiuawa na mfumo endeshi kwa kumaliza kumbukumbu, mahali pake unakuta `NULL`. Ukifanya `unlist()` haraka haraka, zile `NULL` zinayeyuka, unabaki na marudio 7,500 badala ya 10,000, na grafu inatoka nzuri kabisa. Mimi baada ya kila `mclapply` naandika mstari mmoja wa kuhesabu vilivyorudi. `parLapply` kwa upande wake, kibarua akikosea, haikupi jibu lolote, inakuletea kosa usoni. Ni ukali unaosaidia.

Halafu kuna jambo dogo la kuchekesha. Usipoandika `mc.cores`, chaguo la kawaida ni 2. Nimeona watu wakilalamika kwamba kwenye seva ya viini 32 wanapata kasi ya mara mbili tu. Hawakuagiza zaidi.

Mzigo uliofichwa ndani ya fanksheni

Upande wa vibarua una mtego mmoja ambao nauona kila mara, na nauweka hapa kwa karibu:

```r
chambua <- function(faili) {
  ghafi <- data.table::fread(faili)
  v <- ghafi$muda
  parLapply(cl, 1:10000, function(i) median(sample(v, replace = TRUE)))
}
```

Inafanya kazi. Wala hukuhitaji kumpelekea kibarua `v`, imefika yenyewe. Imefikaje? Fanksheni ndogo uliyoiandika ndani ya `chambua` imebeba mazingira ilimozaliwa, na mazingira hayo yana `v`, yana `faili`, na yana `ghafi` pia. Kama `ghafi` ni GB 3, umetuma GB 3 kwa kila kibarua ili atumie safu moja. Kwa vibarua wanne ni GB 12 zilizopita kwenye soketi bila kuombwa na mtu. Mtumiaji anaona R imekaa kimya dakika nzima kabla kiini chochote hakijawaka, kisha anahitimisha kwamba kazi sambamba haina faida.

Ukiandika fanksheni hiyo hiyo nje, kwenye mazingira makuu, hali inageuka: mazingira makuu hayabebwi, yanatajwa kwa jina tu, kwa hiyo kibarua atalia kwamba hakijui kitu kinachoitwa `v`. Ndiyo maana msimbo unaokubali ndani ya fanksheni hukataa nje yake, na kinyume chake. Dawa ni kufanya kama nilivyofanya na `moja` hapo juu: iandike nje, na kila inachokihitaji kipite kama hoja. Kinachosafiri ni kile ulichokitaja.

Kwa `mclapply` mtego huu haupo wakati wa kwenda, maana hakuna kinachotumwa. Upo wakati wa kurudi. Kila jibu la mtoto lazima lifungwe na kurudishwa kwa mzazi. Ukirudisha modeli nzima ya `lm` kwa kila rudio, na modeli hiyo imebeba jedwali la data ndani yake, umehamisha mzigo kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Rudisha `coef()` peke yake.

Mbegu za namba za nasibu

Mtakwimu anayeigawa kazi bila kufikiria mbegu, yaani namba inayoanzisha mfululizo wa namba za nasibu, anaweza kupata majibu mabaya bila dalili yoyote, na kwangu hii ni sababu nzito ya kuchagua njia moja na kuacha nyingine.

`set.seed(1)` kwa nyapara haimfikii kibarua wa soketi. Kila kibarua hujitafutia mbegu kutokana na saa na namba ya mchakato wake, kwa hiyo leo na kesho utapata majibu tofauti. Hilo ni kero tu. Hatari zaidi ni klasta ya kujigawa, ile ya `makeForkCluster`: kama ulishatumia namba za nasibu kabla ya kuiunda, watoto wote wanarithi hali ile ile ya jenereta. Viini vinne vinafanya butstrapu moja mara nne, nawe unaripoti makosa sanifu yaliyotokana na marudio 10,000 wakati halisi ni 2,500.

Suluhisho la R ni jenereta ya Pierre L'Ecuyer, inayochaguliwa kwa `RNGkind("L'Ecuyer-CMRG")`. Sifa yake ni kwamba mkondo wake mmoja mrefu unaweza kukatwa vijito vilivyoachana kwa hatua 2^127, umbali ambao hakuna uigaji utakaoumaliza. `clusterSetRNGStream` inampa kila kibarua kijito chake. `mclapply` nayo huheshimu jenereta hiyo ukishaichagua na kuweka mbegu. Ila zote mbili zina sharti: majibu yatarudi yale yale iwapo idadi ya viini ni ile ile na ugawaji wa kazi ni ule ule. Ukiendesha kwa vinne nyumbani na nane kazini, namba zinabadilika.

Hapo `future` inawaacha nyuma. Ukiandika `future.seed = TRUE`, kijito kinatolewa kwa kila rudio, si kwa kila kibarua. Kiini kimoja, vinne au arobaini, jibu ni moja. Na ukisahau, ikagundua kwamba msimbo wako umegusa namba za nasibu bila mpango, inakuonya.

future, na ndugu zake

Wazo la `future` ya Henrik Bengtsson ni kutenganisha maswali mawili: kazi gani inaweza kwenda sambamba, na itaendeshwa wapi. La kwanza linajibiwa na anayeandika msimbo. La pili linajibiwa na anayeuendesha, kwa mstari mmoja wa `plan`:

```r
library(future.apply)
plan(multisession, workers = 4)
m <- future_lapply(1:10000, moja, v = d$muda, future.seed = TRUE)
```

`multisession` ni vibarua wa soketi, inakubali kila mahali. Badilisha iwe `multicore` na utapata kujigawa kwenye Linux. `cluster` inakupeleka kwenye mashine nyingine, na `sequential` inarudisha mwendo wa kawaida, jambo ambalo ni neema unapotafuta kosa. Mstari wa `future_lapply` hauguswi. Vilevile inapekua msimbo wako yenyewe kujua kibarua atahitaji vitu gani na vifurushi gani, na maneno yaliyochapishwa na kibarua, pamoja na maonyo, yanakufikia badala ya kupotelea gizani.

Upekuzi huo si wa bure. Wakati mwingine unabeba kisichotakiwa, wakati mwingine kitu kilichotajwa kwa njia ya kuzunguka hakionekani. Jumla ya vitu vinavyobebwa ikizidi MB 500, inagoma na kukuambia. Watu huipandisha `future.globals.maxSize` papo hapo na kuendelea. Mimi huichukulia kama kengele: mara tisa kati ya kumi kuna `ghafi` imejificha mahali. Na kwa maelfu ya kazi ndogo ndogo sana, urasimu wake unaonekana kwenye saa kuliko `mclapply`.

`foreach` na `%dopar%` yake ni mtindo wa zamani kidogo ambao bado umejaa kwenye vifurushi vingi, kwa hiyo utakutana nao upende usipende. Kosa lake kubwa ni sura: inafanana na `for`. Mgeni anaandika `x[i] <- jibu` ndani yake na kushangaa `x` imebaki tupu. Imejazwa kweli, ila ni `x` ya kibarua, naye ameshaenda zake. `foreach` hurudisha thamani, unaipokea kwa mshale na kuunganisha kwa `.combine`. Kwa kazi mpya siianzi nayo.

Kuna pia `mirai`, nyepesi na yenye kasi, ambayo `purrr` tangu toleo 1.1.0 imeiegemea kwa `in_parallel()`. Yenyewe haipekui chochote: unachotaka kiende, unakitaja. Kwa mtu aliyechoshwa na mizigo iliyofichwa, huo ni msimamo wa kuheshimika.

Kwa ufupi wa jicho:

| | Linux na macOS | Windows | Data kubwa ya kusoma tu | Mbegu |
|---|---|---|---|---|
| `mclapply` | ndiyo | hapana | nzuri sana | hutegemea idadi ya viini |
| `parLapply` | ndiyo | ndiyo | nzito, kila kibarua nakala yake | hutegemea idadi ya viini |
| `future_lapply` | ndiyo | ndiyo | kulingana na `plan` | haitegemei idadi ya viini |

Hati yangu mwenyewe, ya kuendeshwa mara moja kwenye Linux kwa data kubwa: `mclapply`, bila kufikiri mara mbili. Msimbo utakaokabidhiwa mtu mwingine, au kifurushi: `future`. `parLapply` naichukua pale ambapo siruhusiwi kusakinisha kitu chochote nje ya R yenyewe, na hapo inafanya kazi kwa uaminifu.

Usambamba ambao hukuuomba

Yule wa tano, wa BLAS, hakukosea. R huja na maktaba yake ya msingi ya hesabu za matriki inayotumia kiini kimoja. Ukiibadilisha kwa OpenBLAS au MKL, `%*%`, `crossprod`, `solve` na `svd` zinaanza kutumia viini vyote bila kubadili herufi ya msimbo. `sessionInfo()` inakuonyesha unatumia ipi. Kama kazi yako ni matriki kubwa, anzia hapa. Ila usitarajie `lm()` iruke: inapitia njia ya zamani ya LINPACK, ambayo haichumi mengi kutoka BLAS mpya. `data.table` nayo inafungua nyuzi zake yenyewe, kwa kawaida nusu ya viini ambavyo mfumo unaviona, kwa kusoma faili, kupanga na kujumlisha kwa makundi.

Shida huja ngazi mbili zikikutana. Niliwahi kupeleka uigaji kwenye seva ya viini 16 yenye OpenBLAS. Vibarua 16, kila mmoja akitatua matriki kwa `solve()`. Kidirisha cha prosesa kilijaa rangi kotekote, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Niliporudi kazi ilikuwa haijafika popote, nyuma kuliko ambavyo kiini kimoja kingefika. Kila kibarua alikuwa amefungua nyuzi 16 za BLAS, jumla 256 zikigombea viini 16, na prosesa ikishinda inabadilisha zamu badala ya kuhesabu. Dawa ilikuwa mstari mmoja kabla ya kuwasha R:

```
export OPENBLAS_NUM_THREADS=1
```

Ukiwa tayari ndani ya R, kifurushi cha `RhpcBLASctl` kinafanya vivyo hivyo. `data.table` ni ya busara zaidi katika hili: ikijikuta ndani ya mtoto aliyezaliwa kwa kujigawa, inashuka hadi nyuzi moja yenyewe. Kwa vibarua wa soketi haina namna ya kujua, waagize wewe kwa `setDTthreads(1)`.

Vibarua wangapi

Mazoea ni `detectCores() - 1`. Naishauri kwa mashine yako binafsi tu, na hata hapo kwa tahadhari: inahesabu viini vya kimantiki, kwa hiyo prosesa yenye viini halisi 4 inaweza kusema 8, na kwa hesabu nzito za namba vile vinne vya ziada huchangia kidogo. Kwenye seva ya pamoja au ndani ya kontena ndipo inapovuruga. Umegawiwa viini 2 kwenye mashine ya viini 64, yenyewe inasema 64, na unawasha vibarua 63 juu ya kazi za watu wengine. `parallelly::availableCores()` inasoma mipaka uliyowekewa na Slurm (mgawaji wa kazi kwenye seva za pamoja) au na kontena, na kurudisha 2. Kwa klasta kubwa mno kumbuka pia kwamba R huruhusu miunganisho 128, na 3 kati ya hiyo imeshachukuliwa, kwa hiyo vibarua wa soketi huishia 125. Tangu toleo 4.4.0 unaweza kuomba zaidi kwa `--max-connections` wakati wa kuiwasha.

Baada ya hapo, pima. Chukua marudio 200 ya kazi halisi, yaendeshe kwa kibarua 1, 2, 4 na 8, kila mara ndani ya `system.time()`, na uangalie safu ya `elapsed`, maana muda wa watoto kwenye safu nyingine hupotosha. Ukitoka 4 kwenda 8 na muda haukushuka, baki na 4 na uwarudishie wenzako viini vilivyosalia. Ukitoka 1 kwenda 2 na muda ukapanda, rudi ukaangalie fanksheni yako imebeba nini.